Mheshimiwa Waziri wa Kilimo, hiyo mbegu inahimili kutu gani?

Mheshimiwa, pole na majukumu. Kila msimu tunaambiwa kuna mbegu ya ngano "inayohimili kutu" na wote tupande hiyohiyo. Sawa, ila kutu ipi? Maana kutu ya shina, ugonjwa wa ngano unaoletwa na kuvu, ina koo nyingi na kwa macho huzitofautishi, zote ni vumbi lilelile la rangi ya matofali, ukipita shambani linakuganda kwenye suruali. Tofauti iko kwenye jeni, kinga ya ngano ni kama kufuli, ukoo huu wa kutu una ufunguo wa kufuli hii, ule wa ile.

Angalia ukoo wa kutu unaoitwa Ug99. Jeni ya kinga inayoitwa Sr31 ilikuwa kwenye ngano nyingi duniani kwa miaka, watu wakalala usingizi, mwaka 1998 huko Uganda ikaonekana hiyo Ug99, kutu inayoipita kama haipo. Basi mbio zikaanza, Ethiopia wakawa na Digalu, mbegu iliyoihimili Ug99, ikapandwa eneo kubwa kweli. Mwaka 2013 ikaja kutu nyingine inaitwa TKTTF, wala sio ya familia ya Ug99, ikaifagia Digalu hadi kuna mashamba hayakuvunwa kitu. Yaani walibadilisha kufuli kwa ajili ya mwizi mmoja, akaja mwingine kabisa.

Na hawa hawaishi kuzaliwa. Jeni zinabadilika zenyewe, kwenye vichaka vya barberi kutu inapandana na kuchanganya damu, halafu spora, yaani chembe za vumbi la kutu zinazoieneza, zinabebwa na upepo mpaka nchi nyingine. Mwaka 2019 watafiti wakaonyesha hata Ug99 ilitokana na kutu mbili kugusana na kupeana kiini kizima cha seli, bila kupandana! Hapo nilirudia kusoma mara mbili.

Ninachoomba ni watu wa kuzunguka mashambani kila msimu, wakate vipande vya shina vyenye kutu, maabara wavijaribu kwenye miche ya ngano yenye jeni tofauti tujue ukoo gani uko wapi. Na wasichukue kipande kimoja pembeni ya barabara wakaandika ripoti, shamba moja laweza kuwa na koo zaidi ya moja. Mbegu nayo iwe na jeni kadhaa za kinga kwa pamoja, na tusipande wote aina moja.

Kabla hujasaini oda ya mbegu mheshimiwa, uliza sampuli za mwisho zilichukuliwa lini. Kama ni za misimu mitatu nyuma, oda isubiri.

Ni mimi, mkulima wa ngano.