Kopo la vanishi nalo liseme Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni fundi wa sakafu za mbao hapa Tanga. Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba yangu, na sakafu za mninga na mvule nilizozipiga msasa Raskazone na Chumbageni sizihesabu tena. Kilichonifanya nishike kalamu ni kopo la vanishi.

Masika ya mwaka jana mama mmoja, nyumba yake inatazama bahari, aliniita sebule yake ing'ae. Binti yake alikuwa anaolewa, wageni wako njiani, ana siku tatu tu. Nikamwambia, "Mama, tungoje mvua zikate." Akanijibu, "Mwanangu, tarehe imeshatangazwa, nifanyeje?" Nikaingia kazini. Ile vanishi ngumu ya sakafu, poliurethani, nikaipiga mikono mitatu, yaani tabaka tatu, ndani ya siku mbili. Juu juu ilionekana imekauka, hata kidole hakikunasa. Siku ya nne mikeka ikatandikwa, watu wakakaa, shughuli ikapita salama.

Mikeka ilipokunjwa niliitwa. Sakafu ilikuwa imechukua chapa ya mkeka: miyaa mmoja mmoja, ukili kwa ukili, mpaka mshono wa katikati ukiuona wazi, na nyuzi za ukindu zimebaki zimegandia. Karibu na dirisha la upande wa bahari palikuwa na ukungu mweupe kama maji yaliyooshea mchele. Kwingine vipovu vidogo, ukivigusa vinapasuka. Yule mama hakunitukana, alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kuliniuma zaidi. Nilikwangua sebule nzima kwa gharama yangu, nikairudia mwezi wa Agosti.

Kopo lile tupu nililichukua niwekee misumari. Siku moja binti yangu wa kidato cha tatu akanisomea maandishi yake ya Kiingereza. Liliandikwa kwamba muda wa kukauka umepimwa kwenye joto la nyuzi 25 na unyevu wa hewa wa asilimia 50, na kwamba isipakwe unyevu ukizidi asilimia 70. Mhariri, hapa kwetu mwezi wa Aprili asilimia 80 ni hali ya kawaida, hata tone la mvua halijaanguka. Kumbe jibu nilikuwa nalo mkononi siku zote, nikilikoroga na kulimimina.

Wenye nyumba wengi wanadhani vanishi inakauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Ile ya mafuta hukomaa kwa kuvuta hewa safi, na hewa iliyojaa unyevu huichelewesha. Ukiupiga mkono mzito, juu hufanya ngozi, chini hubaki mbichi. Ile ya maji inataka maji yake yapae kwanza, na hewa iliyoshiba haina pa kuyapokea. Ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha, inachukia maji kuliko zote: unyevu ukiingia humo hutoa gesi, gesi inakuwa povu. Halafu ipo nyingine ambayo yenyewe inahitaji unyevu wa hewa ili igande. Dukani zote nne unauziwa kwa jina moja.

Mbao nazo zina yake. Mninga unaoletwa kutoka Tabora unafika mkavu, ukikaa pwani unavimba. Mimi siku hizi naupanga ndani ya nyumba yenyewe, nikiutenganisha kwa vijiti, wiki tatu au nne kabla ya kuupigilia. Na kama chini ni zege, nabandika karatasi ya nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, naziba kingo zote kwa utepe wa gundi, naiacha ilale. Asubuhi nikikuta jasho ndani yake, sifungui kopo. Mvule una mafuta yake ambayo huzuia vanishi ya mafuta isikauke, kwa hiyo naufuta kwanza kwa kitambaa chenye thina, na nusu saa baadaye napiga mkono wa kwanza, mwembamba.

Saa za kazi nimezibadilisha pia. Naanza saa nne asubuhi umande ukishaondoka, saa nane naweka brashi chini. Jioni sipigi, hata mteja akiniongezea fedha, kwa sababu usiku hewa inapoa na unyevu unapanda. Mwenye kiyoyozi namwomba akiwashe siku mbili kabla. Kati ya mkono na mkono ni siku nzima, wakati mwingine mbili, kisha msasa namba 220. Mikeka na mazulia yangoje mwezi.

Ombi langu ni kwa wenye viwanda, kwa wanaoagiza vanishi kutoka nje, na kwa Shirika la Viwango Tanzania. Tuandikieni maelezo kwa Kiswahili ubavuni mwa kopo, kwa herufi zinazosomeka: hii ni ya mafuta, ya maji au ya hadina, unyevu mwisho asilimia ngapi, mkono wa pili baada ya saa ngapi, kifaa gani kivaliwe puani. Lile kopo langu lilionya pia kwamba matambara yaliyolowa vanishi ya mafuta yakirundikwa yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Miaka yote nilikuwa nayarundika kwenye kona ya karakana yangu, ambamo vijana wangu wawili hulala kazi ikiwa nyingi. Sasa tunayaloweka kwenye ndoo ya maji nje.

Na kwenu wenye nyumba wa pwani, kuanzia Mombasa mpaka Dar es Salaam: harusi ikiwa ya Aprili, mwiteni fundi Februari, kaskazi ikivuma.

Binti yangu ameshayatafsiri maandishi ya kopo lile kwenye karatasi, kwa kalamu ya wino mzito. Nimeibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la vifaa, na vijana wanaisoma kabla hatujafungua kopo jipya.

Fundi sakafu,
Chumbageni, Tanga.