Mwimbaji wa house asitoke studio bila akapela na karatasi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowagusa vijana wa Arusha na Moshi wanaoimba na kutengeneza muziki wa house, yaani muziki wa kucheza klabu. Arusha imejengewa jina na hip hop, kuanzia X Plastaz hadi Weusi, na studio zetu nyingi bado zinafuata utaratibu wa hip hop: msanii anaingiza sauti, prodyuza anamalizia wimbo, msanii anarushiwa mp3 kwenye simu, kazi imekwisha. Kwa house, utaratibu huo unamkosesha mwimbaji kipato cha miaka inayokuja.

Kwenye house sauti haikai juu ya biti moja. Frankie Knuckles, aliyeanza kupiga muziki kwenye ukumbi wa Warehouse mjini Chicago mwaka 1977, alikuwa akikata na kurefusha nyimbo za disko ili watu wasiache kucheza, na ukumbi huo ndio uliouachia muziki huu jina lake. Mpaka leo sauti inahama hivyo hivyo. DJ mmoja ataiweka kwenye deep house ya BPM (mapigo kwa dakika) 122, mwingine ataishusha hadi 112 aipigie amapiano ya Afrika Kusini, wa tatu atachukua kibwagizo peke yake. Mwenye akapela, yaani sauti yake peke yake bila muziki, na makubaliano yaliyoandikwa ana cha kudai kila sauti yake inapohama. Asiye navyo ataisikia redioni tu.

Yamewakuta hata wakubwa. Mwaka 1989 kundi la Black Box la Italia lilitoa “Ride on Time” kwa sauti ya Loleatta Holloway iliyorekodiwa mwaka 1980. Wimbo ulishika namba moja Uingereza kwa wiki sita, huku kwenye video akionekana mwanamitindo anayefuatisha maneno kwa midomo. Mwaka uliofuata Martha Wash, mwenye sauti ile kubwa kwenye “Gonna Make You Sweat” ya C+C Music Factory, naye aliwekewa mtu mwingine kwenye video. Ilibidi aende kudai haki yake mahakamani. Ikiwa sauti kama hizo ziliweza kufutwa jina, binti wa Ngarenaro aliyelipwa nauli na soda ana kinga gani?

Akapela inayofaa haitengenezwi siku rimiksi, yaani toleo la wimbo lililotengenezwa upya, inapoombwa. Inaanzia kwenye kurekodi. Maiki iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni na kichujio cha pumzi mbele yake, na kilele cha sauti kisizidi desibeli 6 chini ya sifuri. Studio yenye paa la bati isirekodi mvua ikinyesha. Katika masika mlio huo unaingia kwenye kila neno, na muziki ukiondolewa hakuna pa kuuficha. Ndani ya wimbo kamili kiki (ngoma nzito ya chini) na besi vinafunika mengi. Akapela haifuniki kitu.

Kuhusu BPM, prodyuza aiweke sawasawa kabla ya neno la kwanza kuimbwa. Biti iliyopakuliwa mtandaoni ikiwa ni 122 na programu ya kurekodia imewekwa 121.5, baada ya dakika tano vipimo vitakuwa vimeachana kwa zaidi ya sekunde moja, yaani mapigo mawili na nusu. Mwimbaji hatagundua, kwa sababu aliimba akiifuata biti anayoisikia. Atakayegundua ni mtengenezaji wa rimiksi, na wengi wao hawarudi kuuliza. Wanatafuta sauti nyingine.

Wakati wa kutoa faili, kila sauti itoke peke yake: sauti kuu, sauti ya pili, viitikio, madoido. Ziwe faili za WAV, zisizopunguzwa ubora, za bit 24 na 48 kHz, na zote zianzie sekunde sifuri ya wimbo hata kama mwimbaji anaingia dakika ya pili, ili atakayezipokea azipange mara moja. Zitoke kavu, bila mwangwi. Mwangwi wa kurudiarudia uliopimwa kwa BPM 120 hurudi kila milisekunde 500, na ukipelekwa kwenye biti ya 112 unagongana na mapigo. Kama mwangwi ule ndio uzuri wa wimbo, basi utolewe kwenye faili lake la pembeni. Mp3 haifai kwa kazi hii. Imeshapunguzwa ubora wa sauti, ukiivuta kubadili kasi inatoa mlio wa majimaji, na mara nyingi huongeza kimya kidogo mwanzoni kinachovuruga mpangilio.

Jina la faili libebe kila kitu: jina la wimbo, BPM, ufunguo wa muziki (key), aina ya sauti. Mfano: Meru_122_Am_sauti-kuu-kavu. Faili la mono la dakika sita lina MB 52 hivi, kwa hiyo wimbo wenye sauti nane unakaribia MB 415. Flashi ya GB 4 inatosha na kubaki, na nakala ya pili iwekwe mtandaoni siku hiyo hiyo.

Karatasi isainiwe kabla ya kuondoka studio, wakati kila mtu bado ana furaha. Itenganishe vitu viwili ambavyo vijana wengi huvichanganya: utunzi, yaani maneno, melodi na muziki, na rekodi yenyewe, yaani masta. Mwimbaji aliyeandika maneno na melodi anaweza kuwa na asilimia 50 ya utunzi na asilimia 30 ya masta. Muhimu ni kwamba namba zimeandikwa na kila upande unajumlisha 100. Kama amelipwa fedha ya mkupuo, iandikwe imenunua nini, na kama rimiksi zimo au zinahitaji ruhusa mpya. Majina yawe yale ya kitambulisho pamoja na ya kisanii, kwa herufi zile zile zitakazopelekwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Kila toleo, yaani la redio, refu na rimiksi, lina namba yake ya ISRC, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12. Toleo jipya likipewa namba ya zamani, hesabu za mirabaha, yaani malipo ya wimbo unapotumika, zinachanganyika.

Anayeimba na kutengeneza mwenyewe ana nafuu kwa kuwa anashika pande zote mbili, ila naye aandike, hasa akimwita mpiga kinanda au mwandishi. Tena ajitengenezee toleo la jukwaani lenye viitikio bila sauti kuu. Kuimba juu ya sauti yako mwenyewe iliyorekodiwa kunawafanya watu wadhani unafuatisha midomo.

Ninawaomba wenye studio wa Arusha na Moshi waiweke akapela ndani ya bei ya kurekodi badala ya kuitoza baadaye, na watangazaji wa redio zetu wanapotaja jina la DJ wa rimiksi, wataje na la mwimbaji.

Fundi sauti,
Sakina, Arusha