Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu, Kisumu: Kazi za Chama, Ripoti ya Mulika Mwizi na Hali ya Ada

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyodai, nawasilisha taarifa ya mwaka uliokwisha. Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazipitia haraka nifike kwenye jambo lililotugawa.

Mikutano ya kila mwezi iliitishwa mara 11. Wawakilishi wetu walihudhuria vikao vya kamati ya watumiaji wa mahakama, na walikwenda kwa wakati. Tulikuwa na mafunzo ya siku 2 ya kuingiza na kusafisha data. Mjadala wa hukumu ya Muruatetu ya tarehe 14 Desemba 2017, iliyoondoa ulazima wa adhabu ya kifo, pamoja na ufafanuzi wa Mahakama ya Juu wa Julai 2021 kwamba hukumu ile inahusu mauaji peke yake na si wizi wa mabavu, ndio uliojaza ukumbi kuliko kikao kingine chochote. Miti ilipandwa. Waliofiwa tuliwachangia.

Sasa ripoti ya mulika mwizi, yaani zile taa za milingoti mirefu zinazomulika mtaa usiku. Wako waliosema, kwenye kundi letu la WhatsApp na hata nje ya chama, kwamba nimeikalia ripoti iliyokwisha kuandikwa, na kwamba nimetukosesha nafasi ya kusikika na wanaopanga usalama na bajeti ya taa. Ni kweli niliizuia. Nilitia saini barua ya kuizuia nikiwa peke yangu, kwa sababu kikao cha kamati tendaji kiliitishwa mara 2 na akidi haikutimia. Katiba inampa mwenyekiti uwezo huo hadi kamati itakapokaa. Nayasema haya ili yaandikwe kwenye kumbukumbu.

Ripoti ilisema kwamba milingoti ya taa iliyosimamishwa katika maeneo 6 imepunguza wizi, na ilipendekeza mingine ijengwe. Ushahidi wake ulikuwa hesabu ya matukio kwenye OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), miezi 12 kabla ya taa na miezi 12 baada ya taa. Kwa macho ya haraka, idadi ilishuka. Nilipoketi na fomu za ukusanyaji, moja baada ya nyingine, nikaona kwamba hesabu ile haiwezi kubeba maneno yaliyotundikwa juu yake.

Kwanza, taa hizi hazikugawanywa kwa kura ya bahati nasibu. Zilipelekwa mahali ambapo wananchi walikuwa wamelalamika zaidi, yaani baada ya miezi mibaya kupindukia. Tuseme mtaa umezoea ripoti 10 kwa mwezi, halafu ukapata 25. Mwezi unaofuata, au ule wa tatu, kuna uwezekano mkubwa idadi ikarudi karibu na 10 hata kama hakuna taa wala askari aliyeongezwa. Ukisimamisha mlingoti kwenye kilele, taa itasifiwa kwa mteremko ambao ungekuja wenyewe. Dawa yake ni kuwa na mitaa ya kulinganisha, iliyokuwa na hali mbaya ileile lakini haikupata taa. Sisi hatukuwa na hata mmoja.

Pili ni saa. Nambari ya OB hubeba tarehe ya kuripoti, na saa inayoandikwa kwenye safu yake ni ya kuripoti pia. Saa ya tukio huwa ndani ya maelezo, ikiwa imeandikwa kabisa. Mtu aliyeporwa saa 3 usiku huenda kituoni saa 1 asubuhi akielekea kazini. Wakusanyaji wetu walinakili saa ya safu, hivyo sehemu ya wizi wa usiku ikahesabiwa kuwa wa mchana. Utafiti wa taa usiojua usiku ni upi haujaanza. Hili si dogo. Watafiti wa uhalifu Brandon Welsh na David Farrington, walipojumlisha tafiti za Marekani na Uingereza, waliona kwamba palipoboreshwa taa uhalifu ulipungua kwa jumla, lakini ule wa usiku haukushuka kuliko wa mchana. Wakafikiri kwamba huenda kinachofanya kazi si mwanga tu, bali wenyeji kuona mtaa wao umejaliwa na kuanza kuulinda. Ikiwa ndivyo hata hapa kwetu, kaunti inaweza kupata faida ileile kwa njia nyingine za kuujali mtaa. Data yetu haikuweza kulijibu swali hilo.

Tatu ni abstrakti, ile hati ya polisi inayothibitisha kwamba umeripoti. Mtu akiibiwa simu au kitambulisho, mara nyingi anachokitaka kituoni ni abstrakti ya kurudishia laini au kuombea kitambulisho kipya. Anaambiwa, au anajua mwenyewe, kwamba neno "nimepoteza" humtoa kaunta upesi kuliko neno "nimeibiwa". Wizi huo hauonekani kwenye hesabu. Na katika eneo moja kati ya yale 6, kituo kidogo cha polisi kilichokuwa jirani kilihamishwa katikati ya mwaka wa pili. Ripoti zikaenda kituo kingine ambacho hatukukitembelea, sisi tukaandika kwamba wizi umepungua. Naona uchungu kuliandika hili, maana waliokusanya data walifanya kazi kwenye jua na mvua kwa nauli ndogo. Kosa halikuwa lao. Fomu tuliyowapa haikuwa na nafasi ya kuandika hayo.

Nne, hakuna aliyeandika siku ambazo taa hazikuwaka. Mlingoti uliokaa gizani wiki nzima kwa sababu balbu zimeungua au waya umekatwa ulihesabiwa sawa na unaowaka.

Mwanachama mmoja mwenye hoja nzuri alinikumbusha Lawrence Sherman, mtafiti wa uhalifu wa Marekani, ambaye hakungoja utafiti wake urudiwe ndipo autangaze. Hoja yake inastahili jibu kamili. Sherman na Richard Berk walifanya jaribio Minneapolis mwaka 1981 na 1982. Polisi walioitwa kwenye ugomvi wa nyumbani usio na majeraha makubwa walifuata kura ya bahati nasibu: kumkamata mshukiwa, kumwondoa nyumbani kwa saa 8, au kuwapa wahusika ushauri. Kesi zilikuwa 314. Kwa rekodi za polisi za miezi 6 iliyofuata, waliorudia ukatili walikuwa asilimia 10 kati ya waliokamatwa, 19 kati ya walioshauriwa na 24 kati ya walioondolewa. Sherman alitangaza matokeo kwa vyombo vya habari kwa makusudi, na baadaye akatetea uamuzi huo. Katika miaka michache majimbo mengi ya Marekani yakaanza kulazimisha au kuhimiza ukamataji.

Lakini jaribio liliporudiwa kwingine, Omaha na Charlotte hawakuona ukamataji ukizuia kurudia. Milwaukee, utafiti wa Sherman mwenyewe, ulionyesha kwamba kwa washukiwa wasio na kazi ukamataji uliongeza ukatili. Sheria zilikuwa zimekwisha kupitishwa. Na Sherman alikuwa na kura, alikuwa na vikundi vya kulinganisha. Sisi tulikuwa na OB na fomu mbovu. Robert Martinson, mwanasosholojia wa Marekani, naye alisema mwaka 1974 kwamba programu za kurekebisha wafungwa hazina matokeo ya kutegemewa, na mwaka 1979 akaandika kujisahihisha. Usemi wa kwanza ulisambaa, wa pili haukuwafikia waliokuwa wakiunukuu. Ripoti ikishaingia kwenye bajeti ni maji yaliyomwagika. Ndiyo maana niliizuia, na ningeizuia tena.

Sikusema taa hazifai. New York, mwaka 2016, walichukua makazi ya umma takriban 80 yenye uhalifu mwingi, wakayachagua kwa kura ya bahati nasibu, 40 yakapata minara ya taa kwa miezi 6. Uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulishuka kwa takriban asilimia 36. Huo ndio ushahidi wa kupeleka kwa anayepanga bajeti, na kura yenyewe haigharimu kitu. Milingoti ikiwa 6 na mitaa inayoiomba ni 12, lazima 6 ingoje. Kinachobaki ni kupanga nani angoje kwa kura badala ya kwa kelele. Nimeandika barua 3 kupendekeza hivyo. Barua ya nne, ya kuomba orodha ya milingoti na tarehe za kuwashwa chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, niliiandika mwenyewe na kuifuatilia mwenyewe, na jibu lilikuja ndani ya siku 21 za kisheria. Orodha hiyo sasa ni mali ya chama.

Fomu mpya nimeitengeneza pamoja na katibu. Ina safu ya saa ya tukio iliyotolewa kwenye maelezo, alama ya "haijulikani" isiyoruhusiwa kuachwa wazi, safu ya vitu "vilivyopotea", mtaa wa kulinganisha kwa kila mtaa wenye taa, na daftari la usiku wa giza litakalojazwa na mzee wa mtaa. Majina ya waathiriwa hayanakiliwi kabisa, kwa kuheshimu Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Kuhusu fedha. Wanachama tuko 64, ada ni shilingi 2,400 kwa mwaka. Waliolipa yote ni 23, waliolipa nusu ni 17, na 24 hawakulipa chochote. Zilizoingia ni 75,600, zinazodaiwa ni 78,000. Tulitumia 48,500 kwa ukusanyaji wa data, 13,200 ukumbi, 6,350 karatasi na nakala, 1,980 gharama za benki. Zimebaki 5,570. Mikutano 5 kati ya 11 haikufikisha akidi ya watu 22. Inaniuma kwamba baadhi ya walioandika maneno makali zaidi juu ya ripoti hawakufika hata kwenye kimoja cha vikao vilivyoijadili, na wamo katika wale 24. Mwanachama ana haki ya kumpinga mwenyekiti, ila aje ampinge kikaoni, na ada yake iwe imelipwa.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatarajia kurudia utafiti, kupata chumba kidogo cha ofisi, na huenda tukashirikiana na wenzetu wa Kakamega na Nakuru.

Fomu mpya ziko mezani kwa katibu, mitaa 12 imeorodheshwa. Anayeweza kuchukua mtaa mmoja aandike jina lake leo kabla ya kuondoka.

Mwenyekiti