Anayejenga ndege aanze na mkia

Mhariri,

Hapa Chumbageni kuna kijana anayetaka kuagiza ndege ya vipande, ile inayofika kwenye makasha ukaiunga mwenyewe. Baraza zima limemshauri aanze kununua injini, eti kwa kuwa ndiyo ghali. Naomba nafasi nipinge.

Mimi ni fundi bati, mstaafu wa karakana ya reli. Kampuni kama Van's Aircraft ya Marekani kwa kawaida humwanzisha mjenzi na mkia, halafu mabawa, halafu kiwiliwili. Mkia ni mdogo. Ukiharibu bati unaagiza jingine bila kuuza shamba, na mkono unazoea ribiti, zile pini za kuungia mabati. Injini ije mwishoni. Dhamana yake haisubiri, na ikikaa bila kuwashwa hushika kutu ndani.

Ila kwa Tanga yetu neno kubwa ni chumvi. Shikiza mabati kwa vishikizo vya muda, toboa, kisha fungua yote tena (hapa ndipo wengi huchoka), ondoa makali ya matundu, paka praima (rangi ya chini ya kuzuia kutu) pande zinazogusana, ndipo ugonge ribiti. Ukigonga kwanza, praima haifiki katikati, lakini unyevu wa bahari utafika. Na kabla ya kufunga bati la mwisho la bawa, pitisha bomba la nyaya. Baadaye mkono haupiti.

Wale wa injini kwanza, mmoja wao shemeji yangu, sijawaona wakishika nyundo.

Jingine: apime mlango wa banda mapema. Mabawa na kiwiliwili viungwe uwanjani.

Fundi mstaafu,
Chumbageni, Tanga