Mahamri Mawili ya Robo Fainali

Majengo, Pumwani
Nairobi
Jumapili jioni

Ndugu yangu Salim,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa Gikomba nachomelea geti la mtu, sikuambulia kitu. Mara ya pili nikausikiliza nyumbani. Mara ya tatu nikamtegea Halima simu sikioni asikie mumewe anavyotukanwa. Dakika saba, Salim, mtu mzima unafoka juu ya ndondi za mateke! Kwa simu sikuwezi, maana ukishika maneno huachii, kwa hiyo nimechukua kalamu. Sisi hatujambo. Mama nilimpitia Ijumaa baada ya swala. Goti bado linamsumbua ila ulimi mzima: anauliza huko Doha mnalishwa nini mpaka shingo imepotea kwenye picha.

Haya, tuingie ulingoni. Unasema mashindano ya wanaume wanane kwa usiku mmoja ni ubabaishaji mtupu. Kwamba bingwa hupatikana kwa watu wawili, raundi tano, kila mmoja amelala na kula vizuri, na asiyeweza aseme. Halafu, kama ada yako, ukaishia kwa Hoost. Zaidi ya miaka ishirini sasa, bado Hoost! Naona leo nikukumbushe ilivyokuwa, kwa sababu wewe unakumbuka unavyotaka.

Ilikuwa kile kibanda cha video cha mabati, kiingilio shilingi tano, televisheni ina kichogo kama gunia la makaa. Kanda ilitoka Isili, miezi kadhaa baada ya mapambano yenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua matokeo. K-1 Grand Prix ya 2002, yale mashindano makubwa ya ndondi za mateke ya Japani, Tokyo Dome, Desemba 7, watu zaidi ya 70,000 wamejazana. Robo fainali: Ernesto Hoost na Bob Sapp. Sapp lile jitu la Marekani lililotoka kwenye mpira wao wa kugongana mabega, kilo zaidi ya 150, halijui hata kupiga teke la maana. Hoost yule fundi wetu, bingwa wa 1997, 1999 na 2000, umri umeshafika miaka 37. Sapp alikuwa amemshinda Oktoba ile ile kule Saitama, Hoost akarudishwa kundini kwa sababu Semmy Schilt hakuweza kucheza. Mimi nikasema mara hii atamkata miguu. Wewe ukasema kilo ni kilo. Tukawekeana mahamri manne ya Bi. Zena.

Raundi ya pili refa akalisimamisha pambano, Sapp kashinda tena. Na hapo hapo mashine ikaitafuna kanda! Yule mzee akaleta bisibisi, akahangaika, mwisho akatuambia turudi kesho. Usiku ule ulikaa kibarazani kwenu ukayala mahamri yangu manne moja baada ya jingine, ukiyachovya kwenye chai taratibu ili nione.

Kesho yake kanda imeungwa kwa selotepu, picha inacheza kama maji, tunaona nini? Sapp ameumia mkono, hawezi kuendelea. Anayeingia nusu fainali badala yake ni yule yule aliyepigwa. Nilipiga kelele mpaka mzee akatishia kunitoa nje. Hoost akamlima Ray Sefo mateke mpaka Sefo akashindwa kuendelea. Fainali akakutana na Jérôme Le Banner, Mfaransa mwenye mkono wa kushoto wa kuogopwa, akampiga mateke juu ya mkono ule ule aliokuwa akijikingia mpaka ukavunjika. Bingwa mara ya nne. Mimi nikadai mahamri yangu, wewe ukasema umeshakula na aliyepigwa amepigwa. Mzee wa kanda akaamua unirudishie mawili. Hukuridhika hata leo.

Sasa nisikilize. Hoja yako ni kwamba Hoost aliiba. Yangu siku zote ilikuwa kwamba sheria ni sheria, wa akiba akiitwa huingia. Tumebishana hivyo kama wakili na karani, na naona wote wawili tulikosea mahali pa kuangalia. Mimi nilikuja kulielewa jambo hili si kwa kanda wala kwa akili. Nililielewa kwa paja.

Unakumbuka nilipojiunga na wale vijana wa mazoezi? Sikukueleza yote, niliona haya. Kulikuwa na kijana mmoja mwembamba, hata kilo sabini sidhani, wakaniambia nimpe mazoezi kidogo, raundi moja tu. Akanipiga teke la paja, nje, juu ya goti kama shubiri moja. Muundi wake mgumu kama mchi. Nilicheka, Salim. Haliumi papo hapo, ndiyo hila yake. La pili likaingia pale pale, na mguu ukajikunja wenyewe kama umesikia amri ya mtu mwingine. La tatu sikulingoja, nikasema nina kazi. Asubuhi yake nilishindwa kupanda matatu pale Kamukunji. Ngazi moja tu ile! Makanga akanishika kwapa akaniinua taratibu, akawaambia abiria wampishe mgonjwa. Paja lilikuwa jeusi, kisha zambarau, kisha manjano, na geti la watu nilichomelea nimekaa kwenye ndoo wiki nzima.

Mateke mawili hayo, ya mtoto mwembamba. Wale wanapigwa ishirini, thelathini, na wanaume wa kilo mia na zaidi. Kisha wanakwenda chumbani, wanawekewa barafu, mapambano ya kuwatuliza watazamaji yanachezwa huko nje, mguu unapoa na kukakamaa, halafu mtu anagongewa mlango: twende, nusu fainali. Na baada ya hiyo anagongewa tena. Kazi ya kwanza ya siku huifanya kila mtu. Mimi mwenyewe geti la asubuhi nalichomelea limenyooka kama mstari. Geti la jioni, mikono imechoka na jicho limeungua, ndilo wateja hurudi nalo.

Kwa hiyo ukiniuliza leo usiku wangu wa mashindano ni upi, si ule wa Hoost tena. Ni Ariake, Tokyo, Desemba 2010, na mtu wangu alishindwa.

Peter Aerts, aliyeitwa ulingoni Mkata Mbao, na lile shati lake la mirabamiraba. Alikuwamo tangu K-1 Grand Prix ya kwanza, 1993, ile aliyoshinda Branko Cikatić akiwa na miaka 38. Aerts akaja kulichukua kombe 1994, 1995 na 1998. Kufikia 2010 ana miaka 40, na katika nusu fainali amepangiwa Semmy Schilt. Wewe na Schilt wako! Mita 2.12, Aerts amepungukiwa sentimita 20. Bingwa wa 2005, 2006, 2007 na 2009, mtu ambaye ukisogea unakutana na goti, ukikaa mbali unakutana na ngumi ya mbele ndefu kama mlingoti. Fainali ya 2006 Schilt alimshinda Aerts. Ya 2007 pia, Aerts akaenda chini na goti bovu. Aerts alilipiza 2008, na sasa wamekutana tena.

Itafute uitazame, usiniamini mimi. Aerts hakupigana kama mtu mwenye pambano jingine baadaye. Alimwingia Schilt kama mtu anayekimbizwa na mvua, anapigwa anaingia, anasukumwa anarudi, raundi zote tatu. Kila mtu mwenye akili angejiwekea kitu cha fainali. Yeye hakuweka hata senti. Majaji wakampa ushindi, na ukimwangalia anavyoinua mikono unaona haina uzito wa mtu, ni mikono ya nguo iliyoanikwa. Fainali akasimama mbele ya Alistair Overeem, ambaye usiku huo alikuwa ameshawatoa Tyrone Spong na Gokhan Saki, bado mzima kama fahali. Ikachukua dakika moja na sekunde chache. Overeem bingwa.

Hapa ndipo utaniambia: si nilikwambia? Aliyempiga mkubwa kuliko wote kakosa kombe. Ndiyo, umesema kweli, na nakubali kwa maandishi, uhifadhi karatasi hii. Mashindano ya usiku mmoja hayatupi aliye bora. Le Banner hakuwahi kulishika kombe la Grand Prix maishani mwake na sijui wangapi wangejitolea kusimama mbele ya mkono ule. Lakini pambano lako la raundi tano, watu wamelala wamekula, haliwezi kunionyesha kile nilichokiona kwa Aerts: mtu anayeamua atumie wapi pumzi yake ya mwisho, akijua haitatosha mara mbili. Aliitumia kwa Schilt. Nadhani alichagua sawa. Halima anasema alichagua kijinga, na ukinisukuma sana siwezi kumbishia.

Ndiyo maana Machi 2024 sikulala. Ile Glory, mashindano mengine ya ndondi za mateke, kule Arnhem, Uholanzi, ukumbi wa GelreDome, wanaume wanane usiku mmoja kama zamani. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Ramadhani, ningekuwa na kazi ya kulala. Rico Verhoeven alikuwa akitetea mkanda kwa mapambano ya moja moja miaka nenda rudi, pamoja na yale mawili na Badr Hari, 2016 na 2019, ambayo Hari yote aliyamaliza kwa kuumia. Mashindano ya usiku mmoja Rico aliwahi kuyashinda Chicago, 2013, alipowatoa Saki na Daniel Ghita. Sasa ana miaka 34, mkanda anao, hana deni na mtu, na bado akakubali kugongewa mlango mara tatu. Tulikuwa sita kwa simu moja iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Saa sita usiku imepita, fainali inakaribia, yeye na Levi Rigters, stima ikaenda mtaa mzima. Simu ilikuwa na asilimia tisa. Tukapunguza mwanga mpaka Rico na Rigters wakawa vivuli viwili, tukizozana nani ni nani. Jirani alimshangilia Rigters dakika nzima akidhani ni Rico. Kombe likaenda kwa Rico. Nilichokiona mimi ni kivuli kirefu kikitembea polepole kwenda kona yake.

Unasema utakuja Desemba, inshallah. Huku kuna vijana watatu wa mtaa wananisumbua niwafundishe, ati nina uzoefu, na mimi uzoefu wangu unaujua ni wa kubebwa na makanga. Waletee kinga za miundi, jozi tatu. Huko naamini ni rahisi, huku bei itanivunja mguu kabla ya mazoezi.

Na ile hesabu yetu. Nimeifikiria wiki hii nikichomelea. Tulichowekeana ilikuwa robo fainali, wala si kombe. Robo fainali Sapp alishinda, ulikula kihalali, na yale mawili mzee hakuwa na haki ya kukurudishisha. Njoo uchukue. Bi. Zena hatunaye tena, Mola amrehemu, ila binti yake anakaanga pale pale. Amepunguza iliki, lakini yanalika.

Ndugu yako,
Rama