Risala ya Vijana wa Utume wa Parokia kwa Mgeni Rasmi, Bagamoyo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Paroko, Masista, Mwenyekiti wa Halmashauri Walei, wazee wetu wa mtaa, majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko wetu, ndugu wote: Tumsifu Yesu Kristo. Na kwa wale ambao salamu hii si yao, asalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kuketi nasi chini ya miembe. Sisi ni vijana 23, wengi wetu wavuvi, waendesha bodaboda na mama lishe, pamoja na walimu wawili wa sekondari, tuliokusanyika kutoka Jumuiya Ndogo Ndogo ili kufanya utume miongoni mwa wasioamini. Neno hilo, wasioamini, lilitugombanisha vikao viwili vizima. Walikuwapo wenzetu waliolitumia kwa kila asiyefika kanisani, hata kwa jirani anayeamka alfajiri kuliko sisi ili aswali. Tuliona si haki, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 kuhusu dini zisizo za Kikristo, ulikwisha kutamka kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja. Kwa hiyo katika risala hii tunawataja wale tu wanaosema kwa vinywa vyao kwamba hawaamini tena, au hawakuamini kamwe. Na tulipoanza kuwatafuta, tulikuta kwamba wengi wao wana majina ya ubatizo kama sisi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, utume wa Bagamoyo hauzungumziki bila kurudi mwaka 1868, Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, akiwamo Padre Antoine Horner, walipovuka kutoka Unguja na kuanzisha misheni hapa. Waumini wao wa mwanzo hawakupatikana kwa mahubiri. Walikombolewa utumwani kwa fedha, wengi wakiwa watoto, wakapewa mahali pa kulala, jembe na katekisimu. Kijiji kile cha uhuru ni fahari yetu na tunakionyesha kwa wageni. Lakini tunajiuliza pia, na Baba Paroko atuwie radhi, mtoto aliyekombolewa kwa fedha alikuwa na nafasi gani ya kumwambia aliyemkomboa kwamba hasadiki. Baadaye, mjini humuhumu, Yahya bin Abdallah, ambaye wazee wanamtaja kwa jina la Sheikh Ramiya, na ambaye mwenyewe aliletwa pwani kutoka Umanyema, mashariki mwa Kongo, akiwa mtumwa, aliwakusanya watu wa kawaida katika tarika ya Kadiria, yaani njia ya Waislamu wa Kisufi, na alipofariki mwaka 1931 tarika hiyo ilikuwa imekwisha kushika mizizi. Misheni ilikuwa na mashamba, shule na dawa. Yeye alikuwa mwenzao. Tofauti hiyo imetufundisha kuliko semina nyingi tulizohudhuria.

Tunakiri kwamba hatukuanza kwa busara hiyo. Miezi ya kwanza tulikodi spika na kuhubiri ufukweni karibu na soko la samaki, tukiiga mihadhara tuliyoisikia utotoni, ambapo kila upande ulijitangazia ushindi na hakuna aliyerudi nyumbani na jambo jipya. Waliotukaribia walikuwa watoto, nao walikuja kucheza muziki. Fundi mmoja wa mashua, aliyekuwa akitia kalafati hatua chache kutoka tuliposimama, hakuinua hata kichwa. Alichovya pamba kwenye mafuta, akaisokota, akaishindilia kwenye mwanya wa mbao kwa patasi na nyundo, ubao mmoja baada ya mwingine, mpaka betri ya spika yetu ilipokwisha. Ndipo aliposema, “Mmemaliza? Mimi huko nilikotoka nilitumikia altareni miaka sita. Mwanangu alipofariki, kabla ya kunipa pole waliniuliza kama nashiriki jumuiya na kama nimelipa zaka.”

Hatukuwa na jibu. Mwenzetu mmoja aliketi mchangani akamshikia kopo la mafuta, na tukabaki pale mpaka giza lilipoingia.

Tangu siku hiyo tunakwenda kila Alhamisi jioni, bila spika wala vipeperushi, na kazi yetu ya kwanza ni kusikiliza. Baadaye tulisoma kwa pamoja hati ya Mtaguso kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, iliyotolewa tarehe 7 Desemba 1965, na katika namba 19 tukakuta jambo lililotunyamazisha: kwamba waamini wenyewe wanaweza kuwa na sehemu si ndogo katika kuzaliwa kwa ukanamungu, pale wanapozembea malezi ya imani, au wanapoeleza mafundisho vibaya, au maisha yao yanapouficha uso wa Mungu badala ya kuudhihirisha. Fundi wa mashua hajaisoma hati hiyo, lakini alikwisha kutueleza yote yaliyomo. Hajarudi kanisani, nasi hatujamhimiza arudi. Yeye ndiye anayetuuliza sasa, na swali lake ni lilelile, la mwanawe aliyefariki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu kubwa si fedha, ingawa nayo haitoshi. Ni kwamba tunaulizwa mambo tusiyoyajua vizuri: asili ya binadamu kama wanavyoifundisha wanasayansi, Kanisa na ukoloni, mateso ya wasio na hatia. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 3, unatutaka tuwe tayari kumjibu kila anayeuliza sababu ya tumaini letu, tena kwa upole. Upole tumeanza kuupata, majibu bado. Changamoto nyingine ni fomu ya taarifa ya kila robo mwaka, ambayo ina safu ya waliobatizwa na haina safu ya waliosikilizwa, kwa hiyo kila mara tunajaza sifuri na kuonekana wavivu. Wapo pia wazazi wanaohofu kwamba sisi ndio tutakaogeuzwa. Hofu hiyo hatuidharau, ila Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, na hatuoni namna ya kuudai uhuru huo kwa ajili ya anayekuja kwetu huku tukimnyima anayeondoka.

Kwa hayo, tunaomba utusaidie kupata mwalimu wa teolojia atakayekaa nasi walau mara moja kwa mwezi, vitabu vya Kiswahili vinavyojibu maswali tuliyoyataja, na mabati ya kuezeka upya stoo ya zamani iliyo nyuma ya ukumbi, ili wakati wa masika tuwe na pa kuzungumzia. Hatuombi unga wala mchele wa kugawa. Tungependa anayekuja kwetu aje na swali lake, bila deni la chakula.

Alhamisi hii pia tutakuwa ufukweni kuanzia saa kumi na moja jioni, nawe unakaribishwa. Spika tulikwisha kuirudisha kwa mwenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.