Kwa walimu vijana: nani ana ufunguo wa sanduku la maoni?

Wanangu walimu,

Nimeshika chaki miaka 36. Mwezi uliopita nilialikwa kwenye baraza la shule, sekondari moja ya kata, nikarudi nyumbani na uchungu ambao haujanitoka.

Binti wa kidato cha pili alisimama akauliza, kwa adabu kabisa, fedha za mahindi ya shamba la shule zimekwenda wapi, maana wao ndio waliopalilia. Mwalimu wa nidhamu akamjibu, "Umetumwa na nani?" Kisha akaingia ofisini, akatoka na karatasi ya sanduku la maoni, akaiweka juu ya daftari la yule binti na kulinganisha mwandiko mbele ya wenzake. Mtoto alikuwa akikunjakunja ncha ya sweta. Hakuna mkono mwingine ulionyooshwa siku ile.

Jamani, huo ni mtego, si baraza! Mnawaambia watoto shule ni yenu sote, kisha anayeuliza anasakwa kwa mwandiko. Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 hakutaka mwanafunzi apewe jembe tu. Alitaka ashiriki pia kuamua mambo ya shamba. Sisi wazee tuliwapa watoto jembe, maamuzi tukabaki nayo. Nami niliwahi kupalilisha watoto shamba langu mwenyewe nikaita kazi ya shule, na mpaka leo naona aibu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Isomeni.

Mengine nayasema kwa kifupi. Mwanafunzi asikuchotee maji. Usimwite binti nyumbani kwako, wala ofisini peke yake. Viranja wapigiwe kura. Ukikosea ubaoni, kiri.

Najua nanyi mnafokewa na wakubwa mbele ya wanafunzi, na inauma. Najua pia mtoto anafika kwenu akiwa ameshazoea kuambiwa nyumbani, "Nyamaza, wakubwa wanaongea." Sisi wazazi tumemfunga mdomo kabla yenu. Lakini hasira za ofisini msizimalizie kwa mtoto wa watu.

Wanangu, ufunguo wa sanduku lile akae nao mjumbe wa bodi ya shule. Na yule binti ajibiwe mstarini, mbele ya wale wale walioona akiaibishwa: yalipatikana magunia mangapi, yaliuzwa bei gani, na fedha ziko wapi.